Walinzi wa Taarab na Sahani Mbili za Unguja

Katika vibaraza vya Mji Mkongwe, pale dele la kahawa linapozunguka na habari za mji zinapopimwa, imekuwapo hukumu moja fupi ambayo hutolewa bila ya shahidi kuitwa wala mshtakiwa kusikilizwa. Hukumu yenyewe ni maneno matatu: hii si taarab. Watoao hukumu hiyo si watu wa ovyo. Aghalabu ni watu wazima wenye heshima zao, wajuao fidla na udi kwa masikio ya miaka mingi, na wengine wao wameketi mbele ya Ikhwani Safaa na Culture kabla wanaowahukumu hawajazaliwa. Heshima hiyo wapewe. Lakini heshima ya hakimu haitengenezi hukumu mbovu, na hukumu hii ni mbovu toka kitako hata kilemba.

Walioshtakiwa ni sahani mbili. Ya kwanza ni Fusing the Roots, iliyotolewa mwaka 2018 na kundi liitwalo Siti and the Band, vijana wa Unguja waliopata elimu yao ya ala katika mji huohuo. Ya pili ni Siti of Unguja, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni moja ya London, na mwimbaji wake ni Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad. Katika ile ya kwanza, chini ya kanuni na fidla limetiwa gitaa la besi lenye mwendo wa fanki, ule mwendo wa muziki wa Wamarekani weusi unaokanyaga pigo la kwanza kwa nguvu kisha ukacheza mbele na nyuma ya mapigo yaliyobaki. Katika ile ya pili nyimbo za zamani zimevishwa besi nzito na milio ya mitambo. Basi walinzi wa taarab wakasimama mlangoni, wakasema kwamba mwizi ameingia nyumbani.

Nyumba ipi? Hapo ndipo pa kuanzia.

Taarab haikuota Unguja kama mkarafuu usiokuwa na mbegu ya nje, na hata mkarafuu wenyewe uliletwa. Yasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alipenda sana muziki wa Misri, akaleta wapigaji kutoka huko na kumpeleka kijana wa hapa, Muhammed bin Ibrahim, akajifunze kupiga kanuni. Muziki huo ulikaa katika kasri, ukaimbwa kwa Kiarabu, na mtu wa Ng'ambo hakuwa na sehemu yake illa kuusikia kwa mbali. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Wako walinzi wanaolitegemea jina hilo kama ngao, kwa kuwa maana yake ni ndugu wa usafi. Lakini usafi uliokusudiwa ni wa nyoyo baina ya ndugu na ndugu. Haukuwa usafi wa ala. Chama hicho hicho kimepiga fidla za Ulaya, kimepiga akodiani za Ulaya, kimeweka besi kubwa ya kusimama nyuma ya waimbaji, kikatia na mapigo ya rumba na bolero yaliyovuka bahari kutoka visiwa vya Amerika. Ikiwa rumba ilipita mlangoni bila ya kuulizwa pasi, fanki imekosa nini? Zote mbili ni watoto wa watu waliochukuliwa kutoka bara hili kwa nguvu. Mmoja amerudi mapema, wa pili amechelewa.

Mlinzi mwenye hekima atajibu kwamba rumba iliingia polepole, ikafugwa, hata ikawa ya nyumbani. Jawabu hilo lina uzito, lakini linaiharibu hoja ya mwanzo. Kama kigeni chaweza kufugwa, basi swali halipo tena katika ugeni wake. Lipo katika ufundi wa kukifuga, na ufundi hupimwa kwa sikio. Jina la chombo halitoshi.

Iko hoja yao moja ambayo ni ya kweli, nayo haifai kufichwa kwa sababu ndiyo pekee iliyotoka kwa wajuzi. Maqamu za taarab zina sauti zisizopatikana katika vinanda vya Ulaya, sauti zinazokaa baina ya mbao nyeupe na mbao nyeusi. Fidla huzipata kwa kidole, kwa sababu haina mipaka shingoni, udi kadhalika, na kanuni ina vijiti vidogo vya chuma pembeni ambavyo mpigaji huvipandisha na kuvishusha ili kuupata uzi kiasi anachotaka. Gitaa la besi lenye mipaka shingoni haliwezi hayo. Likilazimishwa kuandamana na fidla hatua kwa hatua, litaivuta maqamu na kuinyoosha mpaka iwe kama mtu aliyepigwa pasi na nguo zake mwilini. Hatari hii ipo kweli. Lakini haikuletwa na fanki. Ililetwa zamani na akodiani ambazo hazikubadilishwa sauti, na ikaletwa kwa wingi zaidi na kinanda cha umeme. Besi ya fanki, kwa desturi yake, haina haja ya kuandamana na fidla. Kazi yake ni kukaa chini, kushika sauti ya msingi, na kuacha nafasi. Mpigaji mwenye adabu huziachia fidla na kanuni zile sauti za katikati, naye akabaki na ardhi. Asiyekuwa na adabu hiyo alaumiwe yeye kwa jina lake na katika wimbo wake, wala lisilaumiwe gitaa.

Na hicho kinanda cha umeme kina kisa. Katika miaka ya 1990 ilienea taarab ya kisasa, iliyopewa jina la rusha roho, ikiongozwa na makundi kama East African Melody. Safu nzima ya fidla ikaondolewa, kanuni ikawekwa kando, akabaki mtu mmoja na kinanda chake akitoa sauti za ala zote kama kasuku mwenye ndimi kumi. Walinzi walinung'unika siku mbili tatu, kisha wakazoea, na leo katika harusi za binti zao ndiyo ipigwayo, na noti zinapepea. Vijana wa 2018 wamefanya kinyume chake: wameirudisha kanuni, wameirudisha fidla, wameurudisha udi mikononi mwa mwanamke anayeimba, kisha ndipo wakatia besi. Aliyeziondoa ala za wazee amesamehewa, na aliyezirejesha ameshtakiwa. Mizani hii ya ajabu imetoka duka gani?

Lakini kuna jambo kubwa kuliko ala, na watu wa vyuo wangefaa kulishughulikia zaidi kuliko wanavyofanya. Nalo ni neno. Taarab ya Waswahili ni shairi kwanza. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kadiri ya mwaka 1880 na kuuza vyungu kabla ya kuuza sauti, hakuitwa mkubwa kwa sababu ya ala zilizokuwa nyuma yake. Alikuwa mkubwa kwa sababu aliuchukua muziki wa kasri akautia lugha ya watu, na katika lugha hiyo akatia mambo ya watu. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodiwa. Walikuwamo Maalim Shaaban, Mbaruk Talsam, Subeit bin Ambar na Budda bin Mwendo katika kundi lake la miaka hiyo. Sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika 3 tu. Wimbo ambao barazani ulikwenda nusu ya usiku, watu wakitaka beti irudiwe tena na tena, ukakatwa ukaingizwa katika dakika hizo kama mzigo wa gunia unaotiwa katika kikapu. Mitambo ilikuwa ya kigeni, mafundi walikuwa wageni, mji ulikuwa wa watu wengine, na kampuni ilikuwa ya Waingereza. Ikiwa studio huua taarab, basi ilikwisha kuuawa Bombay, na kila mtu tangu siku hiyo amekuwa akisikiliza maiti. Hakuna mlinzi hata mmoja athubutuye kusema hivyo juu ya Siti.

Kwa nini hawathubutu? Kwa sababu katika zile dakika 3 lilikuwamo neno. Mfano ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni alikuja Unguja akauawa. Mtu aliyemuua akatoroka akavuka bahari kwenda bara. Na kesi ilipofika mahakamani, wanawake waliosimama kutoa ushahidi wakaondoka wao na adhabu kwa sababu ya pombe. Siti akaimba. Hakuandika makala wala hakupeleka maombi kwa Balozi wa Kiingereza. Aliimba jina la muuaji, na sahani ikaingia katika nyumba ambazo hakimu asingeweza kuzifunga. Sheria ilimwachia Kijiti njia, na wimbo ukamkamata. Mpaka leo jina la hakimu yule halimo vinywani mwa watu, na jina la Kijiti limo.

Hicho ndicho kipimo. Sahani ya Unguja iulizwe kama ina shauri na Unguja. Iulizwe kama neno lake linamhusu mtu aliye hai katika mtaa ulio hai, au ni pambo la maneno ya huba yaliyokwisha kuchakaa, ua waridi, tausi, asali, yanayopangwa kwa vina kama vikombe vya maonyesho ambavyo havitiwi chai. Kwa kipimo hiki taarab nyingi iliyo safi kabisa, yenye fidla kumi na bila ya waya mmoja wa umeme, itaanguka. Na kwa kipimo hiki Fusing the Roots haisimami vibaya. Wimbo wake uitwao Nielewe umemchukua mwanamke anayeteswa katika ndoa, naye ana hamu ya kuimba. Jambo hilo katika mji wa Unguja si la mzaha. Mwanamke anayesimama mbele ya watu na ala hulipa kwa jina lake, kwa jamaa zake, na mara nyingine kwa nyumba yake. Siti wa kwanza alilipa pia. Watu walimtungia maneno ya kumdharau kwa asili yake na sura yake, naye akajibu kwa wimbo. Vijana hawa hawakujipa jina la Siti kwa pambo tu. Wameirithi kazi pamoja na gharama yake.

Sahani ya pili ina taabu nyingine. Imechukua hazina ya bibi mkuu, na imeichukua kwa upendo, chini ya uongozi wa mpigaji mjuzi wa Unguja, Mohamed Issa Matona. Hapo hapana lawama. Lakini nyimbo za zamani hazijui habari za leo. Fumbo lina anwani, na anwani ya fumbo la mwaka 1928 ni mtu aliyekwisha kuzikwa. Katika usiku wa taarab mambo ni mengine: mwanamke huinuka katikati ya beti, akatembea taratibu na noti yake mpaka kwa mwimbaji, akimtunza huku jicho lake limeelekea mahali pengine ukumbini, na kila aliyehudhuria ajua beti hiyo imepelekwa kwa nani. Mtungaji hakuijua ile kesi. Msikilizaji ameikodi beti yake kwa haja yake mwenyewe. Studio haina ukumbi. Fumbo hutoka mle kama barua isiyoandikwa jina. Msikilizaji wa Unguja huenda akaiandika jina nyumbani kwake, maana lugha anayo. Yule wa London, ambaye sahani hii ilitengenezwa apate kuinunua, ataandika nini?

Na hapa lawama iende inakostahili. Tazama majina. Fusing the Roots. Siti of Unguja. Kazi ambayo roho yake yote ni Kiswahili, iliyoimbwa na watu ambao Kiswahili chao ndicho kilichofanywa kipimo cha Kiswahili sanifu, imekwenda sokoni na kilemba cha Kiingereza. Itasemwa kwamba ni biashara: mnunuzi yuko Ulaya, na mnunuzi huitwa kwa lugha yake. Lakini Siti binti Saad naye alirekodiwa na wafanyabiashara, na sahani zake ziliuzwa kwa sababu zilisema Kiswahili na watu wa pwani waliotaka Kiswahili. Gitaa la besi halikuiondoa taarab Unguja hata inchi moja. Jina la Kiingereza juu ya jalada limeiondoa hatua moja, na walinzi wa vibarazani, waliolisikia gitaa kutoka mbali, hawakuliona jalada lililo mbele ya macho yao.

Wapenzi wa usafi wangejifunza kitu kwa jirani yao wa bara. Mwezi wa Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa huko Dar es Salaam, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul katika mji, kwa hoja kwamba ni wa kigeni na unawaharibu vijana. Neno hilo la Kimarekani maana yake ni roho, na roho ilipigwa marufuku kwa amri. Magazeti yakapokea barua za kuunga mkono na za kupinga. Je, muziki ulikwisha? Haukukwisha. Miaka michache baadaye lilikuwapo Dar es Salaam kundi la Sunburst, likichanganya fanki na soul na ngoma za Afrika, tena kwa ufundi. Sahani yao kubwa, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, na ilitoka Zambia. Haikutoka katika nchi yao. Kisha ikapotea katika masikio ya watu miaka 40, mpaka mwaka 2016 kampuni ya London, Strut, ilipoitoa upya. Leo mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kuwasikia vijana wa mji wake wa zamani huagiza Uingereza. Haya ndiyo matunda ya kulinda mlango kwa fimbo. Mali huondoka kwa dirisha, na siku ya kuihitaji hununuliwa kwa mgeni aliyeiokota.

Unguja imekwisha kuingia katika hesabu hiyo hiyo. Kampuni ya Kiingereza ya GlobeStyle ilikuja katika miaka ya 1980 ikarekodi Ikhwani Safaa na Culture. Mwaka 2005, Ikhwani Safaa ilipotimiza miaka 100, sahani ya kuadhimisha miaka hiyo ilitolewa Ufaransa katika mfululizo wa Zanzibara. Waliofanya kazi hizo wanastahili shukrani, kwa kuwa bila ya wao mengi yasingesikika tena. Lakini shukrani kwa jirani aliyekuhifadhia mtoto haikuondolei aibu ya kumwacha mtoto kwake miaka thelathini. Kisiwa ambacho sauti yake ilianza kutiwa katika santuri mwaka 1928 kingalikuwa na nyumba yake ya sahani, yenye jina la Kiswahili, yenye kuandika ndani ya jalada maneno yote ya kila wimbo kwa Kiswahili na jina la mtungaji wa kila shairi. Mshairi wa taarab ndiye mtu aliyedhulumiwa kuliko wote katika biashara hii: mwimbaji hupata noti, mpigaji hupata ujira, na yeye hupata kusikia beti zake zikipita mtaani bila ya kumjua baba yao.

Na hao vijana walitoka wapi? Walitoka katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kukaa miaka mingi katika jumba la zamani la forodha huko Mizingani. Humo mtoto wa Ng'ambo aliweza kushika kanuni bila ya kuwa na mjomba mpiga kanuni, na msichana aliweza kujifunza fidla mchana mlango ukiwa wazi. Chuo hicho kiliishi zaidi kwa misaada ya wageni, na misaada ilipopungua kikafika karibu na kufunga milango kwa kukosa fedha, hata magazeti ya nje yakaandika. Siku zile walinzi wa taarab walikuwa wapi? Kelele zao juu ya gitaa zimesikika mpaka baharini. Juu ya mshahara wa mwalimu wa kanuni hawakutoa hata kikohozi. Lau wangechanga nusu ya fedha wanazopeperusha katika rusha roho ya harusi moja kubwa, mwalimu yule angekula mwezi.

Wasomi nao hawamo nje ya lawama. Juu ya Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, zimeandikwa kurasa nyingi kuhusu umri wake na sigara yake, na kurasa chache mno kuhusu mapigo ya unyago aliyoyahifadhi au jinsi alivyokuwa akiikata mizani ya shairi ili pumzi yake ipite. Juu ya sahani hizi mbili yataandikwa mengi kuhusu mchanganyiko wa tamaduni, maneno mapana yanayotosha kila nchi na yasiyoijua hata moja. Aliye na masikio na aeleze jambo dogo: katika wimbo upi besi imeachia fidla nafasi, na katika upi imeikanyaga, beti ipi imetimia vina na mizani, na ipi imepunguzwa silabi ili ifuate ngoma, na mtungaji wake ni nani, anakaa mtaa gani, na amelipwa kiasi gani.